Uzoefu wangu na Homestar Runner, kuanzia 2003 hadi leo

Niliifahamu tovuti ya katuni za vichekesho ya Homestar Runner mwaka 2003, nikiwa katika intaneti kafe iliyotoza kwa dakika, na nilidumu nayo kwa sababu ilikuwa miongoni mwa chache zilizofunguka kabla muda wangu haujaisha. Katuni zake zilitengenezwa kwa Flash, programu iliyohifadhi michoro kama mistari na rangi badala ya video nzima, hivyo mafaili yalikuwa mepesi hata kwa mtandao wa kusuasua.

Walioianzisha mwaka 2000 ni ndugu wawili wa Atlanta, Marekani, Mike na Matt Chapman. Mhusika mkuu, Homestar, alikuwa amekwisha kubuniwa mwaka 1996, katika kitabu kidogo cha mzaha kilichoiga vitabu vya watoto, ambacho Mike alikitunga na rafiki yake Craig Zobel. Sauti karibu zote za kiume ni za Matt peke yake, na mpaka leo hilo hunistaajabisha.

Hata hivyo, kilichonifanya nirudi kila wiki ni barua pepe za Strong Bad, zilizoanza mwaka 2001. Huyu ni jamaa mwenye kinyago chekundu cha mwanamieleka, ambaye huketi mbele ya kompyuta ya kizamani, husoma barua iliyotumwa na mtazamaji, kisha huijibu kwa majigambo huku akichapa bila kuvua glavu za ndondi. Mtazamaji yeyote aliweza kuandika, na barua yake ikichaguliwa ilizaa kipindi kizima. Januari 2003 mmoja alitaka kuchorewa joka. Strong Bad akaligeuza ombi hilo kuwa somo: herufi S, kisha S nyingine kando yake, meno ya herufi V, na mwishowe mkono mmoja wenye misuli. Joka hilo likaitwa Trogdor, likatungiwa wimbo wa roki unaosimulia jinsi linavyowachomea wanakijiji nyumba zao, na mwaka 2006 wimbo huo ukaingia katika Guitar Hero II, mchezo wa video wa kuigiza upigaji gitaa. Daftari langu la hesabu lilijaa majoka hayo.

Mashabiki nao walifanya kazi kubwa. Tangu 2003 wamejenga ensaiklopidia yao wenyewe, wakinakili maneno ya kila katuni na kuorodhesha vitu vilivyofichwa ambavyo huonekana tu ukibofya mahali panapostahili. Mimi naitegemea sana, kwa kuwa ucheshi mwingi umo katika matamshi ya Kiingereza, na Homestar mwenyewe hutamka r kama w.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba tovuti haikuwa na matangazo ya biashara. Ndugu hao waliishi kwa kuuza fulana na DVD, na kwa maoni yangu ndiyo maana ucheshi wao haukuhitaji matusi wala kashfa ili kuvuta watu. Walisimama mwaka 2010, wakarejea Aprili 2014, na sasa hutoa kazi mpya mara chache.

Flash ilipositishwa mwishoni mwa 2020 nilidhani yote yamepotea, lakini sasa katuni zile huchezeshwa na programu iitwayo Ruffle ndani ya kivinjari cha kawaida. Ninaipa tovuti hii nyota nne na nusu kati ya tano. Anayeanza leo aanze na barua ya joka, na ikiisha asiifunge haraka: apitishe kishale juu ya skrini, abofye.