Kozi ya kupanda farasi mara tatu kwa wiki: mambo niliyoyaona baada ya miezi minne

Kwanza niseme, mi nilishawahi kujifunza sehemu nyingine kabla ya hapa. Kule unaenda siku ukipata nafasi, unakaa juu ya farasi masaa matatu mpaka mapaja yanawaka moto afu unapotea mwezi mzima, ukirudi unaanza upya, mwaka ukaisha bado nang'ang'ania tandiko kila farasi akianza troti, yaani ule mwendo wa mbio za taratibu.

Hapa sharti ni kuja mara tatu kwa wiki, dakika 45 tu, farasi yuleyule na mwalimu yuleyule. Nililalamika sana mwanzoni, dakika 45 si ndo kwanza mwili unapata moto? Halafu wiki mbili nzima mwalimu kamshika farasi kwa kamba ndefu tunazunguka duara, hatamu hanipi, vikuku vya kukanyagia kavitoa, kazi yangu kukaa na kupumua. Nilichoka roho jamani. Ila wiki ya nne hivi farasi kaingia troti nikajikuta nainuka na kukaa, moja mbili moja mbili, bila kuhesabu wala kuchungulia bega lake la upande wa nje wa duara nijue niinuke saa ngapi. Machozi yalinilenga.

Na kumbe hujifunzi peke yako. Farasi anaelewa pale unapomwachia, yaani ukimbana na mguu akasogea, legeza hapohapo, ukichelewa hajui kapatia nini, na leo ukiwahi kesho ukachelewa unamvuruga kabisa. Huyu jike ninayempanda, mwezi wa kwanza nikigusa tu mkanda wa tandiko analaza masikio nyuma na kukaza tumbo, hatua chache mbele mkanda umelegea. Sasa nakaza tundu moja, namtembeza kidogo, nakaza tena, kila siku hivyohivyo, na siku hizi anasimama kimya kashusha kichwa, hata kwato ya mbele anainyanyua mwenyewe akiniona na kile chuma cha kutolea uchafu.

Kasoro zipo. Mwalimu wetu alienda likizo wakaleta mwingine mwenye ishara zake tofauti, wiki moja tu jike akaanza tena kurusha kichwa na ikatuchukua siku kadhaa kumtuliza, hilo uongozi waliangalie maana linabomoa kitu wanachojenga wenyewe. Helmeti za kuazima pia zimechoka, nunua yako, na ukianguka ukapiga kichwa ibadilishe hata kama huoni ufa.

Kama unataka raha ya siku moja na picha, hapa utaboreka. Kama ratiba yako inabana mno bora usubiri kwanza, vipindi vyenyewe ukiviruka viruka hutaona tofauti yoyote. Mi nimeshajiandikisha miezi mingine mitatu, kesho saa 12 asubuhi niko bandani.