Kupima udongo kabla ya msingi: nilichopata kwa pesa yangu, Nansana

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kwa mashimo mawili ya mashine ya kwenda mita 10, mashimo ya mkono ya pembeni, vipimo vya maabara na ripoti yenye muhuri, nimelipa shilingi za Uganda milioni tano na ushei. Bei niliyopewa kwenye simu haikuwa na VAT, ile asilimia 18 ikajitokeza kwenye ankara. Kampuni siitaji jina. Kazi yao ya kiwanjani ni safi, ya ofisini ina makengeza, na nitaeleza zote mbili.

Jengo langu ni la kupangisha, ghorofa mbili juu ya sakafu ya chini. Nilistaafu jeshini na kiinua mgongo changu chote kimeingia hapo. Ploti ni futi 50 kwa 100, kwenye mteremko wa Nansana unaoshuka kuelekea bonde la Lubigi. Anayeijua Kampala na Wakiso anajua mpangilio wa vilima vyetu: juu muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe ambao jembe linagonga na kurudi, chini kinamasi na mafunjo. Huko juu na huko chini kila mtu anajua anachokanyaga. Shida ni katikati ya mteremko, na ploti yangu ndipo ilipo.

Fundi wangu alikuwa na kipimo chake: chimba mpaka mtaimbo ukatae, halafu mwaga zege. Kwa nyumba ya chini juu ya muramu simlaumu, nyumba nyingi zimesimama hivyo. Lakini mtaimbo unakueleza habari ya sakafu ya mtaro tu. Kitako cha msingi, yaani zege pana lililo chini ya nguzo, chenye upana wa mita 2 kinasukuma uzito hadi kina cha mara moja na nusu au mara mbili ya upana wake, yaani mita 3 au 4 chini ya hapo mtaimbo ulipokataa. Kama huko kuna uji, ugumu wa juu ni ukoko tu. Afisa wa majengo wa manispaa naye aliuliza ripoti ya udongo kabla ya kugusa ramani zangu, kwa hiyo mjadala na fundi ukaishia hapo.

Kabla ya kuwapata hawa nilipata wengine wa bei rahisi zaidi ya nusu. Nilipowauliza wanakuja na kifaa gani, wakasema DCP. Hicho ni chuma chenye ncha iliyochongoka kama pia, kinapigiliwa kwa nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka sentimita 57.5. Ni kifaa kizuri, ila kilitengenezewa barabara, na kwa kawaida hakishuki zaidi ya mita moja hivi. Kwenye ploti yangu kingeishia ndani ya kifusi na kuniletea habari za kifusi. Ukipigiwa bei, uliza kifaa na kina kabla ya kufurahi.

Hawa walikuja na miguu mitatu ya chuma, injini ya kuvuta kamba, na nyundo ya kilo 63.5. Nyundo inainuliwa sentimita 76 na kuachiwa, inapiga fimbo ambayo mwishoni ina bomba la kuchukua udongo. Wanahesabu mapigo kwa kila sentimita 15, mara tatu. Hesabu ya kwanza inatupwa kwa sababu chini ya shimo udongo umevurugwa. Mbili zinazofuata zinajumlishwa, na hiyo jumla ndiyo wahandisi wanaiita N ya jaribio la SPT. Mapigo yakifika 50 na bomba haliendi, wanaandika kwamba limegoma. Hapahitajiki digrii. Nilivuta kiti, nikahesabu nao.

Shimo la juu lilikuwa la kuchosha, kwa maana nzuri. Muramu tangu karibu na uso, mapigo 30 na zaidi, kisha udongo mwekundu wa mfinyanzi mkavu, kisha mwamba uliooza. Hamna maji. Shimo la chini ndilo lililolipia gharama yote. Mita mbili za kwanza zilitoa vipande vya matofali, kaveera (mifuko ya plastiki), majivu na mchanga wa kila rangi. Mzee wa jirani alipoona akasema bila kushangaa kwamba pale watu walikuwa wakichimba udongo wa matofali, mashimo yakajaa maji, yakajazwa takataka, mwisho ukamwagwa muramu juu na ploti zikauzwa. Dalali hakuwahi kulitaja hilo, na mimi niliponunua niliona nyasi tu kama mnunuzi mwingine yeyote. Chini ya kifusi ukaja udongo wa kijivu, laini, unaonuka. Mapigo 3, mapigo 4. Fimbo ilikuwa inashuka karibu kwa uzito wake. Ugumu ulirudi karibu mita 8.

Msimamizi wa mashine alikuwa kijana wa Busia, upande wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili hakikutupa shida. Jioni akanijia.

"Afande, tufukie hili la chini tuondoke?"

"Maji umeyakuta wapi?"

"Mita tatu na nusu."

"Liache mpaka asubuhi."

"Hata mimi ningependa, ila bosi anataka mashine Gayaza usiku huu."

Mashine ikaenda, shimo likabaki, na bomba la plastiki lenye matundu ndani yake. Asubuhi maji yalikuwa mita 1.8. Udongo wa mfinyanzi unapitisha maji polepole sana, kwa hiyo kipimo cha jioni ile ile kinakudanganya. Tena tulichimba Novemba, mvua za pili zikiwa zimekolea, na hilo nalisifu. Ukipima maji Februari kwenye vumbi, utakutana nayo Aprili ndani ya mtaro wako.

Maabara ilichukua muda mrefu kuliko walivyoahidi. Sehemu ya ucheleweshaji ina haki yake. Kipimo kinachoonyesha udongo utatitia kiasi gani chini ya mzigo hufanywa kwa hatua, na kila mzigo huachwa kwa saa 24 kabla ya kuongeza mwingine. Hakikuwemo kwenye kifurushi chao cha kawaida. Nilikiongeza baada ya kuona ule udongo wa kijivu, na nawashauri walio karibu na bonde wakidai tangu mwanzo. Mchanga hutitia wakati unajenga, unamaliza. Mfinyanzi uliojaa maji hutitia kwa miaka, kadiri maji yanavyokamuliwa humo taratibu. Wapangaji wameshaingia, rangi imekauka, ndipo nyufa zinaanza. Na kinachopasua ukuta zaidi ni upande mmoja kushuka kuliko mwingine. Jengo likishuka lote sawasawa huenda hata usijue.

Ripoti sasa. Hapo ndipo nilipokasirika. Ukurasa wa maelezo ya eneo ulisema ploti yangu iko Lugazi, imezungukwa na mashamba ya miwa. Mimi kutoka Nansana siyaoni mashamba ya miwa. Ni wazi walichukua ripoti ya mteja mwingine wakabadilisha jina la juu. Aya hiyo ingeweza kubaki kichekesho, ila nilikuwa nimepiga picha karatasi za kiwanjani, zile zilizojazwa kwa penseli pembeni ya mashine. Nikakaa nazo usiku, mstari kwa mstari. Kwenye shimo la chini, mita 4.5, penseli inasema 4. Ripoti inasema 14. Nne ni udongo unaoingiza kidole gumba bila shida, kumi na nne ni udongo wa kuweka nyumba. Nilipowapigia hawakubisha, walirekebisha na kuomba radhi, na hesabu za mwisho zikabadilika kwa upande ule. Kwa hiyo piga picha karatasi za penseli kabla gari halijaondoka. Kampuni ikikataa usipige, hiyo tayari ni ripoti.

Ilivyosahihishwa, ripoti ilisema hivi: upande wa juu, kwa kina cha mita 1.5, udongo unabeba kilopaskali 150 kwa usalama. Upande wa chini, 50, na kifusi chote kihesabiwe kuwa si kitu. Kilopaskali 100 ni karibu tani 10 kwa mita moja ya mraba, na ukishajua hilo unaweza kufuata mazungumzo. Nguzo moja ya jengo langu inashusha kama tani 60. Juu inatosha kitako cha mita 2 kwa 2. Chini ingehitaji karibu mita 3.5 kwa 3.5, vitako vinaanza kugusana, na hapo mhandisi anakwambia mwaga zege moja chini ya jengo zima, au shusha nguzo ndefu hadi mita 8.

Tulichofanya ni kusogeza jengo lote juu ya mteremko. Nimepoteza vyumba viwili vya kupangisha, na upande wa chini umekuwa maegesho. Inauma. Lakini fundi na mchoraji wa kwanza walishaniandalia zege la kutandaza chini ya jengo zima, nondo mbili mbili, eti kwa tahadhari. Kwenye muramu ule halikuwa na kazi. Kilichookolewa kwenye zege na nondo kimezidi ada ya kupima udongo, na si kwa kidogo.

Kwa walio mbali na Kampala, msichukue namba zangu. Nilihudumu Moroto, nikaona udongo mweusi wa Karamoja unavyopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia, na mvua ikinyesha unavimba na kunyanyua sakafu; huko swali la kwanza ni kuvimba, si kubeba. Ndugu wa Fort Portal na Bundibugyo wana matetemeko ya 1966 na 1994 ya kukumbuka. Na popote penye kichuguu, sema kipimwe na kichimbuliwe chote, maana chini yake pana matundu ambayo shimo moja la mashine linaweza kuyakosa kabisa.

Jambo moja la makaratasi: jina la mhandisi aliyetia saini nililitafuta kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, likawemo. Ni kazi ya dakika chache.

Nikipewa nyota tano za kugawa, timu ya mashine inapata zote, ofisi inapata mbili. Shemeji yangu ana ploti Bombo na nimempeleka kwa hao hao, ila kwa barua yenye masharti: maji yapimwe asubuhi ya pili, karatasi za penseli zitolewe nakala siku ile ile, VAT iwe ndani ya bei, na fedha ya mwisho ilipwe baada ya yeye kusoma ripoti na kuikuta Bombo ndani yake.