Kukaza bodi ya MX-5 ya zamani: kabla ya kununua breisi, chungulia chini

Nyie mnaoniandikia, wengi mko hukuhuku Uingereza, mmefunga breisi, yaani vyuma vya kukaza bodi, vya mamia ya pauni kwenye Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, kile kigari cha siti mbili chenye paa la turubai, na bado ukipita kwenye barabara mbovu kioo cha ndani kinatetemeka mpaka taa moja ya gari lililo nyuma yako unaiona mbili, nauliza tu, mlichungulia chini?

Gari ilitoka 1989, haina paa la bati, kwa hiyo mzigo unabebwa na sakafu, boksi za chini ya milango na zile reli mbili nyembamba zinazopita chini ya siti kwenda nyuma. Sasa hizo reli ni bati laini, na gereji nyingi zinaweka jeki hapohapo badala ya krosi memba (kile chuma kinene kinachokatiza chini ya injini), difu au ukingo wa boksi. Lala chini uzipapase kwa mkono. Kama zimebonyea kama kopo la soda lililokanyagwa, nguvu yake imeshaondoka, na muuzaji hatakupigia picha ya hapo hata siku moja, atakupigia rimu na usukani wa Momo! Angalia pia kutu kwenye boksi mbele ya tairi la nyuma, vitundu vya kutolea maji ya turubai vikiziba maji yanalala humo. Ukikuta kutu, chomelea bati kwanza.

Matairi na shokapu siongelei, mnajua.

Kwenye vyuma vya kukaza, namba moja kwangu ni fremu reli za Flyin' Miata, duka la vipuri vya MX-5 la Marekani, sifichi, nawapenda hao jamaa. Ni bati nene linalovaa juu ya reli ya kiwandani na kufungwa kwa bolti mpaka kwenye sakafu, afu ukiwa na hela unaongeza breisi yao ya kipepeo inayoziunganisha reli zote mbili. Ila reli iliyobonyea inatanuka pembeni, mpya haivai, ndo hapo fundi anaanza kugonga nyundo huku anahesabu masaa yake. Na matundu mkitoboa yapakeni rangi jamani, mvua ya huku haina huruma.

Namba mbili vyuma vya Mazda wenyewe. Walipoleta injini ya 1.8, modeli ya 1994, waliongeza breisi chini mbele na nyuma pamoja na kile chuma kinachokatiza nyuma ya siti kuunganisha zile nguzo za mikanda. Mwenye injini ya 1.6 atafute hicho cha nyuma ya siti kwanza.

Roli baa, kile chuma cha kukukinga gari ikipinduka, inakaza kiasi, ila nunua kwa ajili ya kichwa chako. Strati baa za bei chee, vile vyuma vinavyounganisha vichwa vya shokapu za kulia na kushoto, ni pambo, gari hii kila tairi limeshikwa na mikono miwili, juu na chini, sio shokapu.

Kinachoniudhi ni bei. Ukiagiza Marekani unalipa usafiri, VAT asilimia 20, na kampuni ya mzigo inakuchaji tena kwa kukulipia hiyo kodi. Ukisema ununue hapahapa unakutana na wale wa "inaingia MX-5 zote", uongo mtupu. Mmoja aliniuzia "seti kamili", nafungua boksi bolti hazimo, nampigia ananijibu bila aibu kwamba bolti zinauzwa peke yake, pauni 15, posta juu yangu.