Bastola ya kulengea shabaha: kodi kabla ya kununua, na anza na .22

Watu wa nyumbani wanaoishi huku Texas wakishajua kwamba nalenga shabaha kama mchezo, swali lao ni moja: ninunue bastola gani? Jibu langu huwaudhi wengi. Usinunue kwanza, kodi. Na ukishakodi za kutosha, ile ya kwanza kuingia nyumbani kwako iwe ya .22 (inayopiga risasi ndogo, ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi), hata kama muuzaji atakwambia hiyo ni ya watoto.

Nazungumzia mchezo hapa: kutoboa karatasi, kupiga vibao vya chuma, kushindana na saa. Anayetafuta silaha ya kujilinda ana hesabu nyingine, na sitaigusa.

Viwanja vingi vya ndani hapa Fort Worth na Arlington vina kabati la bastola za kukodi. Unalipa ada ya kibanda, unalipa ya bastola, na mara nyingi unatakiwa utumie risasi zao. Baadhi yao hukuruhusu kurudisha uliyochukua na kuchukua nyingine kwa ada ileile, na hicho ndicho kiwanja cha kutafuta. Ndani ya saa moja unapata kushika Glock, CZ, Smith & Wesson na SIG, moja baada ya nyingine, kwa pesa ambazo hazifiki hata robo ya bei ya bastola mpya.

Ukiishika bastola, achana kwanza na jina lililochongwa ubavuni. Tazama mkono wako. Ule utando ulio kati ya kidole gumba na cha shahada unatakiwa ukae juu kabisa nyuma ya mpini, pasiwe na mwanya. Mtutu ukae mstari mmoja na mfupa wa mkono. Halafu kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa nyama ya ncha yake bila wewe kuizungusha bastola kiganjani. Ikibidi uizungushe ndipo ufike, mpini huo ni mnene kwako, na kila risasi utakayopiga itasukumwa pembeni kidogo. Smith & Wesson M&P ya toleo la 2.0 nimeipenda kwa sababu hii: inakuja na migongo minne ya mpini ya ukubwa tofauti, unabadilisha mwenyewe mpaka ikukae. Kuna jaribio jingine ambalo hufanyika na bastola iliyohakikishwa kuwa haina risasi, ikielekezwa upande salama. Funga macho, iinue kama unayelenga, kisha fungua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, au karibu sana na hapo, bastola hiyo inakufaa. Kikiwa angani, jaribu nyingine.

Glock 19 ndiyo inayopendekezwa na kila muuzaji, na kwa kweli si bure. Ilitoka mwaka 1988 ikiwa toleo fupi la Glock 17, ile ambayo Gaston Glock aliitengeneza kwa ajili ya jeshi la Austria. Inabeba risasi 15 za 9 mm, mwili wake ni wa plastiki ngumu, ni nyepesi, na vipuri vyake vinapatikana kila duka. Kwangu imepiga bila kukwama. Lakini wepesi huohuo ndio unaoifanya ipige teke kali kuliko bastola ya chuma, na mgeni wa mchezo hulihisi teke hilo kabla ya kuhisi kitu kingine chochote. Pia, ukitaka kuifungua uisafishe, lazima ubonyeze triga kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuisafisha toa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, tazama chemba (tundu linamokaa risasi ya kupigwa) kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole uguse. Jicho peke yake halitoshi. Mimi nafanya hivyo hata kama niliiona ikitolewa risasi dakika moja iliyopita.

Bastola ya 9 mm niliyoipenda kuliko zote ni CZ 75. Ndugu wawili, Josef na František Koucký, waliibuni huko Czechoslovakia na ikatoka mwaka 1975, kama jina lake linavyosema. Ni ya chuma, na uzito wake unakaribia kilo moja. Slaidi yake haipandi juu ya mwili wa bastola kama nyingine nyingi. Inateleza ndani yake, kwa hiyo inakaa chini, karibu na mkono. Ukipiga unahisi msukumo unaorudi moja kwa moja kiganjani badala ya mtutu kuruka. Triga yake ina tabia mbili: ukianza nyundo (kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi iwake) ikiwa imelala, mvuto ni mrefu na mzito, nyundo ikishasimama, mvuto unaofuata ni mfupi na mwepesi. Wengine hawaupendi utofauti huo. Mimi naona unafundisha subira ya kidole. Shida yake ni kwamba slaidi iliyozama hivyo inaacha sehemu ndogo ya kushika wakati wa kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma ili risasi iingie kwenye chemba, na mwenye vidole vyenye jasho atalijua hilo mapema.

Sasa niende kwenye .22, maana ndiko moyo wangu uliko.

Kaka yangu na mkewe walikuja kunitembelea, na wote wawili wana kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kinachowaruhusu kushika silaha), kwa hiyo nikawapeleka uwanjani. Kaka alitaka .45, bastola ya M1911, ile iliyobuniwa na John Browning na kubebwa na jeshi la Marekani kwa miongo mingi kuanzia 1911. Nikamkodia. Umbali ulikuwa yadi 7, yaani mita sita na nusu hivi. Ni mtu mwenye nguvu, na kila risasi ilitua chini ya duara, upande wa kushoto. Akasema vilengeo vimepinda. Nikachukua risasi bandia moja, ile ya plastiki isiyo na baruti, nikaichanganya kwenye magazini bila yeye kujua ni ya ngapi. Alipoifikia, bastola ikalia "ta" tu. Hakukuwa na mlipuko wala teke, lakini mtutu ulizama chini kiasi cha upana wa vidole viwili, mbele ya macho yake. Mkono ulikuwa umeshtukia mlio ambao haukuja. Akaishusha bastola mezani taratibu, akasema, "Kumbe ni mimi."

Hilo ni tatizo la karibu kila anayeanza na bastola kubwa, na ukakamavu hauliondoi. Mwili unajifunza kwamba kidole kikivutwa kuna kishindo, nao unajikaza mapema. Dawa yake ni kupiga sana kitu kisichotisha. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .22 kina uzito wa gramu 2.6 hivi, wakati kile cha kawaida cha 9 mm kinafika gramu 7.5, na baruti ya .22 nayo ni kidogo. Nilimpa kaka Ruger Mark IV yangu. Mwanzoni mtutu bado ulikuwa unainama, baadaye ukatulia. Kabla hatujaondoka matundu yake yalikuwa yamekusanyika mahali pamoja, na vilengeo vya bastola ile havikuwa na tofauti yoyote na vya ile .45 kwa mpangilio.

Shemeji alikuwa na tatizo la aina nyingine: hakuweza kukoki Glock. Aliishika slaidi kwa vidole viwili akaivuta kuelekea kifuani, nayo ikagoma. Nikamwambia, "Shemeji, usiivute slaidi, isukume bastola." Kiganja cha kushoto kikafunika slaidi kwa juu, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande wa pili, mbali na tundu la kutolea maganda. Bastola karibu na mwili, mtutu ukielekea shabahani, kidole nje ya triga. Halafu mkono wa kulia ukaisukuma bastola mbele kwa nguvu huku kushoto kumeganda palepale. Ikafunguka. Wanawake wengi huambiwa dukani wanunue rivolva ndogo (bastola ya silinda inayozunguka, isiyo na slaidi) kwa sababu "slaidi itakushinda." Ushauri huo siukubali hata kidogo. Rivolva ndogo ina mvuto mrefu na mgumu wa triga, na kwa wepesi wake inapiga teke baya. Ni bastola ya mtu aliyekwisha kujifunza. Slaidi ni ufundi wa mikono, na hufundishwa kwa dakika chache.

Kuhusu hiyo Mark IV: ilitoka mwaka 2016, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unabonyeza kitufe kimoja nyuma, sehemu ya juu inainuka na kutoka, unasafisha. Mtutu wake umefungwa imara, hausogei wakati wa kupiga, na hilo linaisaidia kulenga vizuri sana. Anayetaka .22 yenye umbo la bastola ya 9 mm aitazame Glock 44, ambayo ina ukubwa wa Glock 19 kabisa, hivyo mazoea ya mkono yanahamia bila shida. Risasi za .22 ni chafu, zinaacha masizi mengi, na mara mojamoja moja hukataa kuwaka. Ikikataa, iache bastola ikiwa imeelekea shabahani, subiri nusu dakika, kisha ndiyo uitoe. Usiigeuze kuitazama mdomoni, kamwe.

Na bei. Pesa utakayotumia kwa mchezo huu iko kwenye risasi kuliko kwenye bastola. Kwa bei ya kiboksi kimoja cha risasi 50 za 9 mm unapata .22 mara tatu yake, wakati mwingine zaidi. Mtu mwenye bajeti ndogo akinunua bastola ya gharama na kubaki na pesa ya kiboksi kimoja kwa mwezi, hataendelea. Ninayemwona akiendelea ni yule aliyenunua ya wastani, akalipia darasa, na akawa na risasi za kutosha kila anapokuja.

Masikio usiyafanyie ubahili. Mlio wa 9 mm unafika desibeli 160 hivi, na madhara ya kudumu yanaweza kuanzia kwenye 140. Ndani ya jengo mimi navaa vizibo vya sikioni na kifuniko juu yake, vyote viwili. Miwani pia, na shati lisilo wazi shingoni, kwa sababu maganda ya moto yanaruka. Risasi pia zinaacha vumbi la madini ya risasi (lead), ambalo ni sumu: nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula chochote, viatu viache nje, na usimbebe mtoto kabla hujabadilisha nguo.

Upande wa sheria nawaandikia hasa wenzangu wahamiaji. Dukani unajaza fomu 4473 (fomu ya serikali kuu ya kununulia silaha), na muuzaji anakagua jina lako kwenye mfumo wa FBI ulioanza 1998. Lazima uwe na miaka 21 kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya nchi nzima. Mwenye visa ya masomo, matembezi au kazi ya muda, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala hata kuishika pale uwanjani, isipokuwa aingie kwenye msamaha kama wa kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Na akija rafiki wa aina hiyo akakwambia "ninunulie wewe, nitakurudishia," mkatalie. Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka gerezani hadi miaka 15, na kwa asiye raia linaweza kumaliza maisha yake ya Marekani. Wala usiwaze kuja nayo nyumbani likizo. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, Tanzania ina yake ya mwaka 2015, na cheti cha Texas hakina uzito wowote kule.

Nyumbani bastola zangu zinakaa kwenye kasha la chuma lenye kufuli, risasi kwenye kasha jingine. Watoto wanajua ziko wapi, kwa sababu hakuna siri inayofichika kwa watoto. Funguo ndizo wasizozijua.

Ukishazoea karatasi, nenda kwenye vibao vya chuma. Mashindano ya Steel Challenge yalianza mwaka 1981 na yana madaraja ya .22. Kila kituo kina vibao vitano, cha mwisho ndicho kinachosimamisha saa, na muda wako ndio alama yako. Wenye .22 hawachomoi kwenye ala. Wanaanza na bastola mkononi, mtutu ukiwa umeelekezwa chini mbele yao, kwa hiyo mgeni hana hatari ya kujikwaa kwenye kuchomoa. Sauti ya risasi kugonga chuma inakupa jibu papo hapo, huhitaji kusogeza karatasi uikague. Shemeji ameupenda mchezo huo kuliko sisi wote, na amejiandikisha kwa mashindano yajayo ya klabu akitumia Mark IV yangu. Nimemwongezea magazini zifike tano, maana karibu kila kituo hupigwa mara tano, na mwenye magazini mbili hutumia nusu ya zamu yake akijaza risasi huku wenzake wanamsubiri.