Spiriti au klorini kuulia vimelea kwenye mkasi na msumeno wa kupogolea?

Kwanza ondoa utomvu na unga wa mbao kwenye makali. Uchafu huo hudhoofisha dawa, klorini hasa.

Mimi nachagua spiriti ya asilimia 70. Unapangusa makali, unahamia mti unaofuata, na chuma hakiliki. Hushika moto haraka, kwa hiyo usiisogeze karibu na msumeno wa injini ambao haujapoa.

Klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, huua vimelea vizuri, lakini hutaka kuloweka dakika kadhaa (nani ana subira hiyo katikati ya shamba?), hula chuma, na mchanganyiko wa jana huwa umepungua nguvu. Ukiitumia, suuza, kausha, paka mafuta. Usichanganye kamwe spiriti na klorini: hutoa sumu.