Kambi ya likizo: mtoto atengeneze michezo ya kompyuta au aunde roboti?

Kambi nyingi za teknolojia humpa mtoto mojawapo ya njia hizi mbili, na wazazi wengi huchagua kwa kuangalia picha za tangazo. Hapo roboti hushinda, maana inapendeza machoni.

Upande wa michezo, programu inayotumika sana ni Scratch, iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwa herufi. Anaburuta vipande vya rangi na kuvipachika. Paka wa kwenye mchezo akipenya ukuta badala ya kuugonga, anabadilisha kipande kimoja na kujaribu tena papo hapo. Ni bure, hivyo kambi ikiisha kazi inaendelea nyumbani.

Roboti haina huruma hiyo. Msimbo unaweza kuwa sahihi kabisa na gari la roboti bado likavuta kushoto, kwa sababu mota mbili za aina moja hazizunguki sawasawa, au betri imeanza kuisha. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kupima, kushuku, kulegeza skrubu. Lakini uliza mapema: seti moja ya vipande vya roboti wanashika watoto wangapi? Wakiwa wanne, mmoja huunda na wengine huwa watazamaji. Na seti mara nyingi hubaki kambini.

Mwenye miaka 8 au 9 ambaye hajawahi kugusa programu, ningemwanzisha na michezo. Yule anayefungua kila redio iliyo karibu naye apelekwe kwenye roboti, hata kama hajui kutumia kompyuta. Mbele ya skrini tupu atachoka kabla ya chakula cha mchana.