Wakili wa mdogo wangu: nyota nne, ya tano nimemnyima kwa sababu ya simu

Mimi nauza samaki Feri, Mtwara mjini, na mpaka msimu wa korosho wa mwaka juzi nilikuwa sijawahi kukanyaga ofisi ya wakili. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mpima mizani kwenye ghala la chama cha msingi (ushirika wa wakulima) huko juu (wilaya siitaji, kule tunajuana wote). Magunia 11 ya korosho yakaonekana hayapo. Jumamosi asubuhi wakaja kumchukua, mimi nikapigiwa simu Jumapili jioni.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa kishoka, yaani wakili wa uongo, suti kubwa kuliko mwili, akataka laki tatu za "kufungua faili". Binti yangu akaingiza jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye majina ya mawakili, halimo. Fanyeni hivyo kabla hamjatoa hata mia.

Huyu wakili ninayemwandika leo nilielekezwa na mteja wangu wa ngisi. Kijana, naweza kumzaa. Ofisi ghorofani, feni inalia kama inataka kudondoka. Nikaanza kumwapia kuwa mdogo wangu si mwizi, akanikatiza: "Mama, hilo sijakuuliza. Alikamatwa saa ngapi, na amesaini karatasi gani?" Nilichukia. Nikajiambia huyu ana haraka ya hela.

Jumatatu hiyohiyo tukapanda. Kituoni alizungumza kwa adabu mpaka mimi nikaona haya: "Afande, mteja wangu ana zaidi ya saa 50 humu ndani. Sheria inataka ndani ya saa 24 awe amefikishwa mahakamani au amepewa dhamana." Basi, hakuongeza neno. Kesho yake asubuhi tulikuwa mbele ya hakimu, shtaka kuiba akiwa mtumishi. Usiku ule alikuwa ameshaniambia niandae wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji, kwa hiyo mdogo wangu alitoka siku ileile. Waliobaki pale kizimbani na dhamana ikiwa wazi, kwa kukosa barua tu, bado nawakumbuka sura.

Halafu zikaanza tarehe. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, rudini baada ya wiki mbili. Hapa ndipo nina kinyongo naye: mara mbili alimtuma mwenzake ambaye hata jina la mdogo wangu alilikosea, na simu yake ikizimwa inazimwa kweli. Nauli na chakula vya kwenda huko ni juu yako, nje ya ada, na hilo hakuniambia mwanzoni.

Ila siku ya ushahidi nilisahau yote. Mdogo wangu alikuwa amesaini maelezo ya onyo, yale polisi wanayomwandika mtuhumiwa, kule kituoni, akikiri. Aliambiwa asaini atoke jioni ileile. Hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kumwita ndugu au wakili, wala kwamba ukishataja jina na unapokaa, mengine halazimishwi mtu kuyajibu. Karatasi ile ndiyo ilikuwa kesi yenyewe.

Wakili akasimama kumhoji askari, pole pole kama anamuuliza habari za nyumbani. Ulimkamata saa ngapi? Saa mbili asubuhi. Kutoka ghalani mpaka kituoni ni mwendo gani? Dakika 20 kwa pikipiki. Maelezo ulianza kuandika saa ngapi? Askari akaangalia karatasi: saa tisa na dakika arobaini alasiri. Uliomba kuongezewa muda? Kimya. Kumbe sheria inawapa polisi muda wa saa nne kumhoji mtu tangu akamatwe, safari ya njiani haihesabiwi, na wakihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Mimi nyuma kwenye benchi nilikuwa nimeelewa saa nne asubuhi, nikabaki nashangaa kesi gani hii ya kubishania saa ya chai! Wakili akapinga karatasi isipokelewe. Hakimu akaahirisha kwenda kuandika uamuzi mdogo, na aliporudi akaikataa.

Vilivyobaki havikuwa na uzito. Hati ya kukamata mali haikuwa na saini ya shahidi huru, aliyesaini ni karani wa chama kilekile kilicholalamika. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilipofunga ushahidi wake, hakimu akasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Akaachiwa.

Kule kijijini wanasema nimenunua kesi. Nilichonunua kina risiti. Na siku moja nilimuuliza wakili waziwazi, mwanangu, na kama kweli aliiba? Akasema kwa Katiba yetu, ibara ya 13, mtu hatendewi kama mkosaji mpaka ithibitike, na wa kuthibitisha ni Jamhuri, si yeye, wala si mimi dada mtu. Jibu hilo sikulipenda, mpaka leo silipendi sana, lakini nililala.

Bei: milioni moja na nusu, kwa mafungu. Msiokuwa nayo ulizeni mahakamani habari za msaada wa kisheria, kuna sheria yake tangu 2017. Wenye kesi za mauaji Mahakama Kuu hupangiwa wakili bila kulipa. Wasaidizi wa kisheria wa mitaani watakuelekeza vizuri, ila kusimama mahakamani kukutetea hawaruhusiwi.

Mdogo wangu sasa anapara samaki hapa kwangu, ghalani hataki kusikia. Mimi nimebakiza laki moja ya ada. Wakili alipita juzi, akachukua pweza wawili, nikamwambia tukate kwenye deni. Akacheka, akalipa taslimu, akasema laki yake ameiandika.